Juu Wapi?

Nilikuwa na miaka 29, mtendaji wa kijiji kimoja cha tarafa ya Idodi, magharibi ya mji wa Iringa, kwenye barabara inayokwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mkutano mkuu wa kijiji tuliufanyia chini ya mkwaju, nyuma ya ofisi. Ulikuwa mwezi wa saba, mpunga umeshavunwa, na ajenda ya nne ilihusu bustani za kando ya mto. Nilisimama, nikafungua daftari kwenye ukurasa usioandikwa kitu, nikatangaza kwamba kuanzia wiki ijayo hakuna kulima ukingoni. Mwenye vitunguu ang'oe, mwenye nyanya aziache. Watu wakaguna. Nikaongeza maneno ambayo kila mtumishi wa umma nchini anayajua: "Haya ni maelekezo kutoka juu."

Kuguna kukakoma. Kisha bibi mmoja, aliyekaa chini karibu na shina la mti, akanyoosha mkono.

"Kamwene, mtendaji."

"Kamwene, bibi."

"Umesema maelekezo yametoka juu. Juu wapi, mwanangu?"

Watu wakacheka kidogo, wakinitazama mimi. "Juu ni juu, bibi," nikasema, na kwa kalamu niliyoishika nikaelekeza angani. Wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Bibi akashusha mkono. Mwenyekiti akasoma ajenda ya tano.

Nieleze nilichokuwa nacho siku ile. Sikuwa na barua. Nilikuwa nimepigiwa simu moja, haikufika dakika mbili, na mtu aliyenizidi cheo, ambaye naye alikuwa amelisikia jambo hilo kwenye kikao cha watu waliomzidi yeye. Sikumwuliza ni bustani zipi, wala umbali gani kutoka majini. Mtu hamwulizi mkubwa wake maswali ya namna hiyo, au ndivyo nilivyoamini.

Kinachonisumbua ni kwamba katika kijiji kile mimi ndiye niliyepaswa kuwa wa mwisho kulitumia neno "juu" ovyo. Kabla ya utendaji nilisoma falsafa kwa miaka miwili kwenye seminari kuu, mpaka nilipotambua kwamba upadri si wangu. Mwalimu wetu wa historia ya falsafa alimpenda Plotinus, na muhula mzima tulimsoma katika fotokopi zilizofifia, tukiinamia dirishani kupata mwanga. "Juu" ndilo lililokuwa somo lenyewe.

Plotinus alizaliwa Misri mwanzoni mwa karne ya 3, akafundisha Roma tangu mwaka 244, akafariki mwaka 270. Wasomi wa baadaye wamemwita yeye na waliomfuata Waplato mamboleo. Mwenyewe angeshangaa, maana alijiona mfafanuzi wa Plato tu. Mafundisho yake, kwa maneno machache mno, ni haya: vyote vilivyopo vinatoka kwa Mmoja, ambaye hawezi kuelezwa sawasawa kwa neno lolote. Kutoka kwake inabubujika Akili. Kutoka kwa Akili, Nafsi. Na kutoka kwa Nafsi, ulimwengu huu wa mawe na mbuzi na vitunguu. Kila daraja hupokea kutoka kwa lile lililo juu yake, na hugeuka kulitazama kwa hamu. Mfano mmoja alioutumia ni jua na mwanga wake. Mwingine ni chemchemi isiyo na chanzo kingine, ambayo hujitoa kwa mito yote na haipungui. Hakuwahi kuuona Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka hifadhini wakati wa kiangazi, maji mengi yakiwa yameishia mashambani Usangu, huko juu.

Mifano hiyo miwili ina jambo moja ambalo tulilipita haraka darasani. Kilicho juu hutoa bila kupungukiwa, na hakihitaji chochote kutoka chini. Hilo ndilo linalokifanya kiwe juu. Jua haliyaombi majani kitu.

Plotinus hakuandika kitabu cha siasa, lakini nusura apate mji. Kaisari Gallienus na mkewe Salonina walimheshimu, naye akawaomba wamkabidhi mji uliokuwa magofu katika nchi ya Campania, aujenge upya, na watu wake waishi kwa sheria za Plato. Ungeitwa Platonopolis. Mwanafunzi wake Porphyry, aliyeandika habari za maisha yake, anasema mpango ule uliharibiwa na baadhi ya watu wa ikulu kwa wivu na kinyongo. Mimi huona kwamba Plotinus alibahatika. Mji haukujengwa, kwa hiyo hatujui nani angekuwa mtendaji wake.

Waliokuja baadaye hawakuwa na bahati hiyo, maana ngazi kama ile haikosi wa kuipanda. Mwaka 336 askofu Eusebius alimhutubia Kaisari Constantine kwenye sherehe ya miaka 30 ya utawala wake, akaeleza kwamba kama mbinguni alivyo mfalme mmoja, ndivyo duniani inavyofaa awe mmoja, mfano wa yule wa juu. Watawala wengi ni vurugu. Miaka 26 baadaye Kaisari Julian, aliyeuacha Ukristo na kufundishwa na wanafalsafa wa mkondo wa Iamblichus, alitunga maneno marefu ya kumsifu Mfalme Jua, anayekaa katikati ya ulimwengu wa akili na ulimwengu wa macho, na akajitaja mwenyewe kuwa mfuasi wa mfalme huyo. Dini mbili zisizopatana, ngazi ileile. Julian alikuwa mtu wa bidii na wa kujinyima. Mwaka huohuo wa 362 aliwazuia walimu Wakristo kufundisha maandiko ya kale ya Kigiriki. Hakuona kwamba jua halichagui wa kumwangaza.

Lakini aliyenishika hasa ni mwingine. Karibu na mwaka 500, mtu ambaye jina lake halisi halijulikani aliandika vitabu akijificha nyuma ya jina la Dionisio Mwareopago, yule ambaye Matendo ya Mitume inasema aliamini baada ya kumsikia Paulo kule Athene. Alikuwa amekunywa sana katika kisima cha Waplato hao. Ni katika vitabu vyake ndipo linapoonekana kwanza neno la Kigiriki hierarchia, utaratibu mtakatifu wa madaraja, ambalo lugha nyingi za Ulaya zimelirithi.

Kati ya barua zake iko ya 8, aliyomwandikia mmonaki aitwaye Demophilus. Mtu mmoja mwenye dhambi alikuja kwa kasisi kuomba rehema, na kasisi akampokea. Demophilus akaona kasisi analegeza kamba. Akampiga teke yule mtubu, akamfukuza kasisi, akaingia mwenyewe patakatifu, ati alinde vitu visinajisiwe. Dionisio anamkemea kwa ukatili wake, na hapo nani atambishia? Kisha anaendelea. Hata kama kasisi amekosea, anasema, si kazi ya mmonaki kumsahihisha, kwa sababu mmonaki yuko chini yake. Asahihishwe na walio sawa naye, au walio juu. Na ndani ya barua hiyohiyo anasema kwamba kasisi asiyetoa nuru amekwisha kuanguka kutoka daraja lake, hana haki ya jina hilo.

Seminarini niliyaandika yote mawili kwenye daftari moja, mstari chini ya mstari, na sikuona tatizo. Sasa naliona. Asiyeangaza si kasisi, sawa. Nani atasema kwamba haangazi? Wa juu hawezi kujua, yeye ana mwanga wake. Anayejua ni yule aliyeachwa gizani, na huyo ndiye aliyekatazwa kufungua mdomo.

Bibi wa chini ya mkwaju hakumpiga mtu teke. Hakuingia patakatifu pa mtu. Aliuliza mahali tu, kama mtu anayeuliza njia ya kwenda Tungamalenga. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa na sababu. Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya sabini, alihamishwa na mume wake kutoka walikozaliwa wakwe zake, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na waliokuja kuwahamisha walisema hivyohivyo, kwamba limetoka juu. Nyumba waliyoiacha ilibomoka kwa mvua. Alikuwa amesubiri zaidi ya miaka 30 kuuliza swali lile, na alipolipata jibu, lilikuwa kalamu iliyoelekezwa mawinguni.

Kwa maandishi, jibu lilikuwepo, na mimi nilikuwa nalo kwenye kabati la ofisi. Ibara ya 8 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema msingi wa mamlaka yote ni wananchi, na Serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, inaufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa chombo cha juu kabisa kijijini. Kwa hiyo siku ile "juu" ilikuwa imekaa chini, kwenye vumbi, imekunja miguu, na mimi niliyesimama nilikuwa mtumishi wake. Ningemjibu bibi kwa neno moja: hapa.

Hata hivyo sitaki kuigeuza ngazi kichwa chini na kudhani nimemaliza kazi. Ukisema mamlaka inatoka kwa watu, bado hujaeleza kwa nini watu wakavua kofia. Kwa hilo nililazimika kusafiri. Kutoka Idodi kwenda Iringa mjini, basi hupita karibu na Mlambalasi, alikojiua Mtwa Mkwawa tarehe 19 Julai 1898, baada ya kuwakwepa Wajerumani kwa miaka karibu minne tangu walipoibomoa ngome yake. Mbele zaidi, kabla ya kufika mjini, ni Kalenga, palipokuwa na ngome hiyo. Mwili wake umelala Mlambalasi. Kichwa chake walikikata na kukichukua. Leo kuna fuvu ndani ya kioo, kwenye makumbusho madogo ya Kalenga.

Fuvu hilo lina safari yake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ulioimaliza vita kuu, ulipata nafasi katika kifungu cha 246 ya kuiagiza Ujerumani ilikabidhi kwa Uingereza ndani ya miezi sita. Hawakulikabidhi. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na kati yao 84 yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yakachaguliwa yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Kati ya hayo, moja lilikuwa na tundu la risasi. Likachukuliwa hilo. Tarehe 19 Juni 1954, Kalenga, Twining alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu.

Nikisimama mbele ya kioo kile humkumbuka Iamblichus, Mshamu, aliyefariki karibu na mwaka 325. Porphyry alikuwa ameuliza swali la mtu mwenye akili timamu: inawezekanaje mawe na majina na moshi wa ubani viwafikie miungu? Iamblichus akamjibu kwa kitabu kizima, akijifanya kuhani wa Kimisri. Kufahamu kwetu siko kunakozifanya ibada zitende kazi, alisema. Alama zenyewe zimewekwa ulimwenguni na walio juu, nazo hutenda kazi yake hata kama sisi hatuelewi.

Sidhani kama Twining alimsoma Iamblichus, lakini alijua alama inafanya nini. Jirani, Kenya ilikuwa kwenye hali ya hatari tangu Oktoba 1952. Gavana alihitaji machifu wenye uzito mbele ya watu wao na wenye shukrani kwa Uingereza, na mfupa mmoja ulitosha kwa yote mawili. Tarehe 7 Julai 1954, siku 18 baada ya sherehe ya Kalenga, TANU ikazaliwa Dar es Salaam. Mwaka 1963 uchifu ukafutwa kisheria. Na Adam Sapi? Alikuwa tayari amekaa kwenye kiti cha Spika tangu mwaka 1962, akakaa humo mpaka 1994, ukitoa miaka miwili hivi kati ya 1973 na 1975. Mbele yake katika Bunge lililokula ufalme wa babu yake ilikuwepo siwa. Neno hilo ni la pembe kubwa zilizopulizwa kwenye sherehe za watawala wa Pate na Lamu. Sisi tumelipa rungu la Spika, na Bunge halikai bila rungu hilo kuletwa. Jamhuri ilipowaondoa wafalme haikuweza kuziacha pembe zao.

Je, fuvu lile ni la Mkwawa? Hesabu ya Bremen haithibitishi. Inaonyesha tu kwamba linaweza kuwa lake. Siku moja nilikuwa Kalenga, akaingia mzee mmoja na mjukuu wake. Alivua kofia, akasimama kimya muda mrefu, midomo ikicheza. Nilikuwa na takwimu zote kichwani, 2,000, 84, tundu la risasi, na sikuthubutu kufungua mdomo. Sikuona aibu kwa kunyamaza kule, na bado sioni. Mzee hakuwa ameamrishwa na mtu. Lile fuvu halikumwomba kitu wala halikumtisha, na kama angeamua kumwuliza mlinzi "mmejuaje kuwa ni yeye?" hakuna ambaye angemcheka. Naamini hapo ndipo tofauti ilipo, kati ya juu ile na ya kwangu. Gavana ndiye aliyetaka kulipwa. Heshima ya mzee ilikwenda kwa asiyeomba.

Nirudi kwenye bustani. Agizo lilikuwa na mzizi wa kweli: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri. Mtu aliyeona mito ya kwetu mwezi wa kumi haibishii. Ila mita 60 ni kitu kinachopimika, na hakuna aliyekuwa amepima. Ilipofika mwezi wa tisa alikuja mtaalamu na futikamba, nikashika ncha moja yeye nyingine, tukapita bustani baada ya bustani. Nyingi zilikuwa ndani kabisa ya eneo lililokatazwa. Ya bibi ilianzia mita 71. Matuta yalikuwa bado yanaonekana, na pembeni lundo la vitunguu vilivyong'olewa vikiwa na ukubwa wa kidole gumba, vimenyauka vyote.

Jioni ile nilikwenda kwake. Njiani nilipanga maneno: bibi, nilikosea, sikuuliza, sikupima, na siku ile mkutanoni nilikujibu vibaya mbele ya watu. Nilifika, akaniletea kigoda, akaniuliza habari za kazi, habari za nyumbani. Nikakaa. Nikafungua mdomo.

"Bibi," nikasema, "juu wameruhusu. Unaweza kuendelea na bustani yako."

Nimejaribu mara nyingi kuelewa yale maneno yalitoka wapi. Sikuyapanga. Nilikuwa nimekwenda kushuka ngazi, nikajikuta nimepanda daraja lingine: kwanza nilikuwa mpeleka amri, sasa nikawa mpeleka huruma. Hii ya pili ni tamu zaidi. Bibi alinitazama kitambo. Akasema asante kwa utulivu, akaniuliza kama nimekula.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, mjukuu wake alifika ofisini kwa baiskeli, nusu kiroba cha vitunguu kimefungwa nyuma kwa mpira.

"Bibi anakusalimu," akasema. "Anasema hivi ni vya wakubwa kule juu. Yeye hapajui ni wapi, ila wewe unapajua, utawafikishia."

Kijana alikuwa amekaza uso, na mpaka leo sijui kama alikuwa anazuia kicheko. Nilikiburuta kiroba mpaka ndani, chini ya picha ya Rais, nikafunga mlango. Vilikuwa vitunguu vyekundu, vimekaushwa vizuri, mikia imekatwa. Nilivipeleka nyumbani kwangu, nikavila mpaka karibu na Krismasi.